Mawifi Kati ya Milango Miwili

Maji ya mji mzima yaliongozwa kutoka chumba kimoja, ghorofa ya pili ya jengo la idara ya maji, na katika watu wa chumba hicho aliyejulikana zaidi alikuwa Mama Presha. Hakuwa na mtoto aitwaye Presha. Jina alilipata kwa sababu kila alipoingia zamu, kabla hata hajasalimia, aliuliza, "Presha ikoje?" Yeye alimaanisha presha ya maji bombani. Wageni wasiomjua walimjibu kwamba hawajambo, walipima juzi na daktari amewapunguzia chumvi.

Chumba chenyewe kilikuwa kimechakaa. Ukuta mzima ulishikwa na paneli ya chuma iliyojaa taa nyekundu na za kijani, swichi za pampu na geji za mishale. Taa nyingine ziliungua zamani na hakuna aliyekumbuka zilikuwa zinasema nini. Mshale wa bomba la Mlimani, lile linalopeleka maji hospitali, ulikuwa na ukaidi wake: hunasa pale pale ulipo mpaka uugonge kwa kidole ndipo useme kweli. Kengele ya hatari ilikuwa moja tu, na ililia kwa kila kitu, pampu izimike au panya apite juu ya waya. Na mlango, siku za joto, waliuzuia kwa tofali ubaki wazi. Muuza karanga alikuwa anaingia mpaka ndani, anaegemea meza ya swichi huku anasubiri chenji.

"Huyu siku moja ataegemea vibaya," Mama Presha alizoea kusema, "mji mzima uoge kwa vumbi."

Kwa hiyo idara ilipokata shauri kukijenga chumba upya, kiwe cha kisasa na chenye ulinzi wa kweli, Mama Presha ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Makofi yakaisha pale meneja alipotaja nani ataongoza kazi hiyo. Mama Presha alikuwa anakunywa maji wakati huo. Yakampalia.

Mtaalamu aliyeajiriwa, mwenye sifa ya kupanga vyumba vya namna hiyo vya umeme, reli na viwanja vya ndege, alikuwa mke wa mdogo wake. Wifi yake.

Hawakuwa wamegombana, na hapo ndipo palipokuwa na tabu. Ugomvi una mwanzo na mwisho, kununiana hakuna. Mambo yalianza mwaka ule wifi alipoolewa. Mama Presha alikuwa amesafiri kikazi, na aliporudi akaenda kumwona mama yake mzazi, akakuta jiko limepinduliwa. Sufuria zilizokaa rafu ya juu tangu yeye anajifunza kutembea zilikuwa chini. Unga umehama, sukari imehama, hata kisu hakikujulikana kilipo. "Ni wifi yako amenipangia," mama alisema, akageuza mazungumzo. Moyoni Mama Presha alisema mengi. Mtu kaja juzi, leo anapangua jiko la mama wa watu! Tangu hapo salamu zao zikawa za kupimwa kwa kijiko. "Hujambo wifi." "Sijambo wifi." Basi. Na mdogo wake akawa anaishi katikati yao kama mtu aliyebeba trei ya glasi.

Siku ya kwanza ya kazi ilianza na mkosi. Wifi alikuwa amempigia simu meneja na kutoa maagizo ya usalama, mojawapo likiwa kwamba chumba kile kisiwe na mtandao wa hewani hata kidogo, maana mtu mbaya anaweza kuingilia mitambo akiwa amekaa zake barabarani na simu mkononi. Meneja akamwagiza Polepole abandike tangazo. Polepole alikuwa mwenzake Mama Presha wa zamu, bwana mnene, mwema, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu nene alivyosikia na alivyoelewa, akabandika mlangoni.

Wifi alifika na michoro yake kwapani. Akasimama mbele ya mlango. Tangazo lilisema: WIFI HAIRUHUSIWI KUINGIA CHUMBA HIKI. KWA AMRI.

Akalisoma tena. Akaingia, uso umekunjamana, akaenda moja kwa moja kwa Mama Presha.

"Wifi, kama una neno na mimi, si uniambie? Ndiyo kunibandika mlangoni?"

"Nimekubandika wapi?"

"Twende ukaone."

Walikwenda. Mama Presha akasoma, akataka kucheka, akaona uso wa mwenzake akameza kicheko. Polepole akaja kwa mwendo wake, akaeleza kwamba yeye alimaanisha waifai, ile ya mtandao, na kwamba shuleni somo la tahajia lilikuwa baada ya chakula cha mchana, muda ambao yeye hulala. Mafundi wote waliokuwa koridoni waliangua kicheko. Wifi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini shaka haikumtoka. Kwa muda mrefu aliamini kwamba kalamu ilikuwa ya Polepole na maneno ya mtu mwingine.

Kazi ikaendelea hivyo, mikono ikifanya na mioyo imefungwa. Wifi alikuwa na utaratibu mzuri: alikaa na watu wa zamu, akawatazama wanavyofanya kazi, akawauliza. Shingo inauma wapi? Unageuka mara nyingi kutazama nini? Kengele ipi ukiisikia unaipuuza? Wenzake Mama Presha walimwaga ya moyoni. Polepole peke yake alizungumza kuhusu kiti kwa asubuhi nzima. Ila Mama Presha, aliyekijua chumba kile kama anavyojua kiganja chake, kila alipoulizwa alijibu maneno mawili.

"Meza iwe ya kimo gani, wifi?"

"Yoyote tu."

"Na dirisha? Kanuni za usalama zinataka tulizibe. Unasemaje?"

"Sawa tu."

Haikuwa sawa. Dirisha lile alilipenda. Kupitia dirisha lile aliona mawingu yanavyojikusanya upande wa mto, akajua mapema kwamba maji yatakuja na matope na waliopo kwenye mitambo ya kuchuja wajiandae. Lakini kumwomba yule! Afadhali lizibwe.

Mambo yakafika mahali pa majaribio. Skrini kubwa ilikuwa imeshawekwa ukutani, ikionyesha mabomba ya mji wote kwa mistari ya rangi, na paneli ya zamani bado inafanya kazi pembeni, ili mpya na kongwe zilinganishwe kabla ya kongwe kuzimwa. Mlango wa tofali ulikuwa umeondoka. Mahali pake paliwekwa milango miwili ya kioo kinene, na katikati yake kichumba chembamba cha mtu mmoja, ambacho wafanyakazi walikwisha kukiita Tundu la Kuku. Unaingia, mlango wa nyuma unajifunga, unaweka kidole, wa mbele unafunguka. Sakafu yake inapima uzito. Ikihisi watu wawili, inajua kuna mtu amejipenyeza nyuma ya mwenzake, na hapo milango yote inagoma.

Asubuhi hiyo Mama Presha alitoka kunawa, mikono bado ina unyevu. Akaingia Tunduni, akaweka kidole. Taa nyekundu. Akaweka tena. Nyekundu. Akaweka kile cha mkono wa pili. Nyekundu vilevile.

"Hata mlango una neno na mimi," alinung'unika.

Wifi alikuwa koridoni, akamwona. Akafungua mlango wa nje, akajipenyeza ndani na kuinama mbele. "Kifute kwanza, wifi. Mlango haupendi maji. Hebu—"

Mlango ukajifunga nyuma yake, taratibu na kwa adabu. Kisha sauti ya kike isiyo na haraka ikasema kutoka darini: "Watu wawili. Milango imefungwa. Tafadhali subirini."

Wakatazamana, macho yamewatoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Fungua," alisema Mama Presha.

"Haifunguki kutoka ndani."

"Kwa nini haifunguki kutoka ndani?"

"Kwa sababu... niliipanga isifunguke."

Mlinzi alikuja mbio, akaweka mdomo kwenye upenyo wa mlango wa nje. Pole sana, alisema, lakini utaratibu ni kwamba kufungua kunahitaji ufunguo wake yeye pamoja na kadi ya meneja, na meneja yuko mtoni kwenye chanzo cha maji, ameshapigiwa, anakuja.

"Nani kaweka utaratibu huo?" Mama Presha akauliza, ingawa jibu alilijua.

"Ni mimi," wifi alisema kwa sauti ndogo. "Ni utaratibu mzuri kabisa."

Wakasimama bega kwa bega, maana kugeukiana mgongo hakukuwa na nafasi. Mbele yao, nyuma ya kioo, waliona chumba chote kama wanaotazama sinema. Polepole alikuwa peke yake zamu, amewapa kisogo, anatazama paneli ya zamani aliyoizoea. Skrini kubwa ilikuwa upande wake wa kushoto, nayo hakuitazama.

Mama Presha ndiye aliyeona kwanza. Mstari wa bomba la Mlimani ulikuwa wa kijani. Ukafifia. Ukawa wa njano.

"Presha ya Mlimani inashuka," alisema.

"Nimeiona. Kengele ya skrini bado hatujaiunganisha. Ilikuwa kazi ya mchana huu."

"Na ile geji ya zamani inanasa. Yule pale anaiamini. Hospitali itakauka!"

Simu zao zilikuwa kwa mlinzi, kwa kanuni za usalama, na yeye alishakwenda getini kumngoja meneja. Wakagonga kioo kwa ngumi. Kioo kilikuwa kimenunuliwa kwa sifa ya kutopitisha sauti wala risasi, na sifa zake zilikuwa za kweli. Wakagonga kwa viatu. Polepole akahisi mtikisiko, akageuka, akawaona mawifi wawili wamo pamoja wanarusha mikono. Uso wake ukachanua. Akawapungia.

"Si salamu!" Mama Presha alifoka. Akaonyesha skrini. Polepole akaonyesha kidole gumba. Wifi akajaribu kuigiza bomba: akanyoosha mkono mmoja, kisha kwa mkono wa pili akaonyesha maji yanaruka. Polepole akafikiri, akaanza kutikisa mabega, anaitikia ngoma.

"Mungu wangu," wifi alisema, "anadhani tunacheza."

Mama Presha akakitazama kioo. Kilikuwa baridi kwa ajili ya kiyoyozi cha ndani. Akakihemea, pakatanda ukungu.

"Wifi, hema! Hema na wewe, pumzi zote!"

Wifi akaelewa mara moja. Akavuta pumzi, akahema kwenye kioo kama anayepoza uji wa kijiji kizima. Mama Presha akainua kidole kuandika.

"Kinyume," wifi akamwambia kati ya pumzi. "Andika kinyume, yeye yuko upande wa pili. Anza kulia."

"Kinyume inaandikwaje?"

"Wewe andika, mimi nakutajia. M ni ile ile. Sasa L, mguu wake utazame kushoto. Vizuri. I ni ile ile. Wifi, haraka, ukungu unaondoka!"

"Si uheme basi!"

"Nahema!"

Herufi zilitoka zimepinda kama za mtoto wa chekechea, lakini zilitoka: MLIMANI. Polepole akaacha kutikisa mabega. Akasogea, akasoma huku midomo ikicheza. Kisha akaigeukia ile skrini, na mstari sasa ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. Ndipo watu wawili wale wakaona jambo ambalo idara nzima baadaye ilikataa kuliamini. Polepole alikimbia. Akaruka kiti, akafika kwenye meza mpya, akagusa pale alipofundishwa, akafunga valvu ya sehemu iliyopasuka, akaigeuzia hospitali maji ya tangi la akiba, akawasha pampu ya pili. Ilichukua muda mfupi kuliko kusimulia. Mstari ukarudi njano, ukatulia, ukawa kijani. Polepole akainua simu kuwaita mafundi wa nje, na baadaye ikajulikana kwamba katapila la wajenzi wa barabara lilikuwa limelichana bomba.

Ndani ya Tundu, mawifi walikuwa wameegemea ukuta, wanahema kama waliotoka mbio za masafa marefu.

"Nimesikia kizunguzungu," wifi alisema.

"Umehema vizuri lakini. Una mapafu, wifi."

Nani alianza kucheka haijulikani. Walicheka mpaka machozi, wakashikana mabega wasianguke, ingawa pa kuangukia hapakuwepo. Na kicheko kilipopungua, kilichobaki moyoni mwa Mama Presha kikatoka chenyewe, bila kuombwa.

"Nikuulize kitu? Jiko la mama. Kwa nini ulilipangua?"

Wifi akaacha kucheka. Akatazama viatu vyake.

"Nilikatazwa kusema."

"Na nani?"

"Na mwenye jiko." Akagusa bega lake mwenyewe. "Bega lake, wifi. Lilikuwa haliinuki tena. Siku moja alijaribu kutoa sufuria rafu ya juu, ikamponyoka, ikampiga. Nilimkuta amekaa chini analia, na si kwa maumivu. Akaniambia, 'Nishushie vitu, nivifikie, ila mwanangu asijue. Akijua atakataa niishi peke yangu, atanihamisha.' Nikashusha. Sufuria zote nikaziweka pale mkono wake unapoishia. Nikajua utanichukia. Nikaona afadhali unichukie mimi."

Miaka yote ile Mama Presha alikuwa amebeba kinyongo kilichokuwa hakina mwenyewe. Akakumbuka mama alivyokuwa siku hizi anapika kwa utulivu, hanyanyui mkono, kila kitu kipo usawa wa kiuno, na yeye anakaa pale pale mezani anakula bila kuona.

"Mimi ni mtu wa kutazama geji kutwa," alisema mwishowe. "Na ya mama yangu sikuisoma."

"Alikuficha kwa makusudi."

"Hata hivyo." Akamshika mkono. "Nisamehe, wifi yangu."

"Tangazo la mlangoni kweli hukuandika wewe?"

"Haki ya Mungu ni Polepole!"

Meneja alipofika na kadi yake, amejaa tope la mtoni mpaka magotini, aliwakuta wamekaa sakafuni wamebanana, wanazungumza, na mlango ulipofunguka wakamwambia angoje kidogo wamalize.

Jioni Mama Presha alipita kwa mama yake. Hakuuliza swali. Alisimama nyuma yake jikoni, akaanza kumkanda bega. Mama aliganda, kijiko mkononi.

"Wifi yako kasema," alisema.

"Kasema. Na mimi sikuhamishi popote."

Mama akavuta pumzi ndefu, bega likalegea chini ya vidole vya bintiye. "Basi nikande vizuri," alisema. "Hapo chini kidogo. Nimengoja sana."

Kesho yake Mama Presha aliingia kazini, akavuta kiti mbele ya michoro, akaizungumzia mpaka wifi akaishiwa wino. Meza ishuke, maana wanawake wa zamu si twiga. Kengele zisiwe moja inayolialia ovyo, ziwe chache na kila moja na sauti yake, ya hatari ikilia mtu ajue ni hatari, na vijambo vidogo vijiandike tu pembeni bila kelele. Na dirisha lisizibwe. Hapo walibishana kweli kweli, kwa sauti, kama ndugu. Wifi alisema dirisha linalotazama barabara ni mlango wa mwizi. Mama Presha alisema mtu asiyeona mawingu ataujua mto kwa kuambiwa. Mwishowe wifi alichukua penseli, akaliziba lile la barabarani, akatoboa jingine juu upande wa ua wa ndani, la kioo kinene, ambalo mtu wa nje hawezi kuchungulia na aliyeketi mezani anaona mbingu. Mama Presha alikaa kitini, akainua macho pale mchoro ulipoonyesha, akakubali. Na Tundu la Kuku likapewa spika ya kuzungumzia, na kadi ya dharura ikawekwa kwa msimamizi wa zamu, si kwa mtu aliye mtoni.

Siku ya kuizima paneli ya zamani wafanyakazi wote walikusanyika. Meneja alihutubia kuliko ilivyohitajika. Kisha Mama Presha akaombwa azime, kwa kuwa ndiye aliyekaa nayo zaidi. Aligusa chuma chake, chenye rangi iliyolika pale watu walipozoea kuweka viganja, akaiambia kwa sauti ya chini, "Ahsante, umechoka, pumzika." Akateremsha swichi kuu. Taa zikazimika safu kwa safu. Chumba kikabaki kimya, kimya kizuri, mwanga laini ukitoka juu na mistari ya mji ikiwa ya kijani kutoka mtoni hadi Mlimani.

Hapo juu, dirishani, wingu jeusi lilikuwa linajisogeza. Mama Presha aliliona kabla ya wote. Akavuta kiti kipya kilichomkaa sawasawa mgongoni, akabonyeza kuwaita watu wa mitambo ya kuchuja.

"Jiandaeni," aliwaambia, "kuna tope njiani." Kisha akamgeukia wifi yake, aliyekuwa anakunja michoro yake taratibu kama asiyetaka kuondoka. "Unakwenda wapi? Kaa uone chumba chako kinavyofanya kazi. Nikimaliza zamu tunaondoka pamoja, mama anatusubiri."

Wifi akaweka michoro chini, akavuta kiti, akakaa.